Mashindano ya roboti kanda yetu: tufanyeje shule za kata nazo zijione zimekaribishwa?

Mwl_wa_Kusini:

Wakuu habari za jioni. Mimi nafundisha fizikia shule ya kata huku upande wa Lindi, na nimeingizwa kwenye kamati ya kuandaa mashindano ya roboti ya wanafunzi ngazi ya kanda. Mtindo wetu tumeufuatisha ule wa FIRST LEGO League, yale mashindano ya kimataifa ya watoto ya roboti za LEGO, yaani timu isizidi watoto 10, kuna meza na mkeka wake, roboti inapewa dakika mbili na nusu ifanye kazi zake yenyewe, halafu timu inaingia chumba cha majaji kueleza roboti yao na mradi waliofanya. Msimu uliopita shule za kata tulizoalika zilikuja vizuri tu. Msimu huu napiga simu kwa walimu wenzangu naambiwa tutaona, tutaona, wengine hata hawapokei.

Kabla hamjaniambia ni hela, seti tuliazima, nauli ililipwa, wali ulikuwepo. Nilichokiona mimi ni kingine. Kuna binti wa form two, roboti yao ilikuwa inavuta kushoto kila ikiingia kwenye mkeka, yeye ndo aligundua tairi moja linateleza, akakata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli akalivalisha lile tairi, roboti ikanyooka. Mbele ya majaji akaulizwa kwa Kiingereza kwanini wamefanya vile. Kimya. Anaangalia chini, anapitisha kidole kwenye ukingo wa meza. Jaji akarudia swali lile lile kwa sauti kubwa zaidi eti labda hakusikia. Mvulana wa timu yake akaropoka kitu ambacho hata hakihusu, tairi halikutajwa kabisa, na karatasi ya maksi ina sehemu ya kujiamini na kuwasiliana kwaio wakaambulia maksi za chini kabisa. Muda si mrefu namkuta yule binti nje anawaelezea watoto wa shule nyingine, mikono juu, hadi msuguano anautaja na sababu ya kuchagua mpira wa tyubu badala ya gundi.

Timu iliyopata tuzo ya uwasilishaji ilikuwa ya inglishi midiamu, walikuwa wazuri siwapunguzii kitu, ila hawakuwa na jambo la maana kuliko lile tairi.

Sasa naomba mawazo kwa waliowahi kuandaa au kushiriki, hata nje ya nchi. Lugha, siku, ratiba, mavazi, wasichana, chochote kile. Tunakaa kikao mwisho wa mwezi na mwenyekiti wetu ni mtu wa kutaka mambo yenye vielelezo.

---

BintiJambiani:

Shikamoo mwalimu. Mimi niko Unguja, nilishiriki nikiwa skuli na sasa nasaidia timu ya wasichana, na yule binti wako namjua kabisa, huku kwetu ninao kama yeye tele. Mtoto aliyelelewa vizuri haangaliani na mtu mzima usoni akiwa anaulizwa, anainamisha macho, ndiyo adabu aliyofunzwa nyumbani na chuo cha Qurani, halafu anafika kwenye shindano anakatwa maksi kwa adabu ile ile! Hiyo sehemu ya kujiamini mimi ningeifuta au ningeigeuza iwe timu inaweza kuonesha ilichobadilisha na kwa sababu gani, mtoto aoneshe kwa mkono, kwa mchoro, kwa kuiendesha roboti mbele yao. Jaji atoke kwenye kiti akae kwenye mkeka na watoto, utashangaa watakavyoongea.

La pili kaangalieni nani kashika laptopu. Timu mchanganyiko nyingi wavulana wapo kwenye programu na mota, wasichana wamepewa bango, rangi na maiki, halafu kwenye ripoti inaandikwa timu ina wasichana watano. Wekeni sheria kwamba jaji anaweza kumchagua yeyote afungue programu na kubadilisha kitu kimoja pale pale, mfano roboti isimame mapema kidogo. Mkiitangaza mapema walimu wenyewe watawazungusha watoto kwenye majukumu maana hakuna anayetaka kuaibika. Na wasichana wakiachiwa kazi wanaweza, mwaka 2019 wasichana wa Methodist Girls ya Mamfe kule Ghana walikwenda Michigan wakashinda Robofest ya dunia, mashindano ya roboti ya wanafunzi, sasa mtu asituambie mambo ya vidole laini.

Mavazi: ushungi si tatizo. Tatizo ni mtu mzima kumwambia msichana mbele ya kadamnasi avue mtandio kwa ajili ya usalama. Andikeni kwenye barua ya mwaliko kwamba anayetumia drili au kuchomea waya avae kitu kisichoning'inia, ushungi uchomekwe ndani ya nguo, na wavulana wenye tai za skuli nao wazivue, kwa sababu tai ikishikwa na drili inavuta vile vile. Ikiwa kwa wote hakuna aliyenyooshewa kidole.

Halafu sala. Adhuhuri ipo kila siku na inajulikana saa yake, kwaio msipange mechi za mchujo pale pale, na chumba cha kusalia kiwe na maji ya udhu karibu, si mtoto anazunguka jengo zima anauliza huku anaogopa timu itaitwa. Na Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, msinakili tu tarehe ya mwaka jana.

Jengine ni miradi. Ule msimu wa FIRST LEGO League wenye mada ya bahari, SUBMERGED wa 2024 mpaka 2025, watoto wangu walianza kuniletea nyambizi na matumbawe ya kwenye video. Nikawauliza mama zenu wanafanya kazi gani asubuhi maji yakitoka? Wote kimya halafu wakaanza kucheka, nusu yao mama zao wanalima mwani. Wakaenda kuwahoji, wakarudi na habari kwamba ile aina ya bei nzuri, cottonii, haistawi tena maji madogo kwa sababu yamekuwa moto, inabidi kuifuata kwenye kina na wengi wao hawajui kuogelea. Mradi ukajiandika wenyewe. Mbele ya majaji hawakuhitaji kukariri kitu.

---

Injinia_Mkavu:

Mimi nimekaa meza ya majaji miaka kadhaa na nitasema hata mkinuna. Huruma itawaponza hawa watoto. Karatasi za maelezo ya sensa ziko kwa Kiingereza, programu ziko kwa Kiingereza, makosa kwenye kompyuta yanaandikwa kwa Kiingereza, na Tanzania hii hii ukiingia form one masomo yote ni Kiingereza na mtihani wa form four ni Kiingereza. Leo mnawahoji kwa Kiswahili, kesho timu ikishinda inakwenda nje, itasema nini kule? Ni kumfundisha mtoto kuogelea kwenye beseni.

Na hili la kufuta kujiamini silikubali. Injinia asiyeweza kuelezea kazi yake hapati kazi, mimi naajiri najua. Mkianza kupangua vigezo kwa ajili ya kundi fulani mwisho mtagawa maksi za pole, na shule zilizojiandaa zitaacha kuja.

Hilo la tai nimelipenda.

---

Mwanagusii_wa_Luthuli:

Injinia kwa heshima zote hapo umeteleza. Brazil shindano lao la FIRST LEGO League linafanywa kwa Kireno, Uturuki kwa Kituruki, Meksiko kwa Kihispania, na timu za hizo nchi zikitoka nje zinang'ara kuliko zetu. Mtoto anahojiwa kwa lugha anayofikiria nayo mpaka akishinda nchini ndio anaanza kupigwa msasa wa Kiingereza kwa ajili ya safari. Timu ngapi husafiri? Moja. Sasa unataka watoto wa mkoa mzima wakae kimya kwa sababu ya safari ya timu moja? Unapima Kiingereza halafu unaandika kwa karatasi kwamba umepima roboti.

Na si kweli kwamba programu ni lazima iwe Kiingereza. Scratch, ile ya watoto kujifunza kuandika programu kwa kupanga vipande, iko na Kiswahili, unabonyeza pale kwa alama ya lugha unateremka mpaka uone Kiswahili, na iko ya kuweka kwa kompyuta bila intaneti. Unaweza kuiunganisha na micro:bit, ile kompyuta ndogo ya kufundishia, ila hapo utahitaji programu yao ndogo ya Scratch Link na kompyuta yenye blututhi, zile za msaada za zamani zinaweza kukusumbua, jaribu mapema sio asubuhi ya shindano.

Sasa mwalimu nikuulize, mnafanya siku gani? Nadhani Jumamosi. Mimi natoka Nyamira na kwetu Wasabato ni wengi sana, ukiniambia shindano ni Jumamosi umeshanifungia nje na huwezi hata jua, maana hakuna mtu atakupigia simu akuambie dini imemkataza, atakuambia tu ile "tutaona" yako. Mwalimu wa shule ya SDA, yaani ya Wasabato, anajua hata akija atakaa kwa basi mpaka jua litue. Huko kwenu Wapare na watu wa Mara si ndio hivyo hivyo? Jumapili nayo ina kanisa la wengine, Ijumaa ina sala ya adhuhuri ya msikitini, kwa hivyo hakuna siku takatifu ya robotiki, lakini unaweza kuuliza kwa fomu ya usajili, swali moja tu, kuna siku au saa ambayo timu yenu haiwezi? Halafu zile timu zinazoshika Sabato unazipa mechi na majaji siku nyingine. Inawezekana kabisa, majaji wanahitaji nusu saa kwa kila timu basi.

Ya vifaa nayo usiiruke hata kama mliazima. Mtoto akijua seti inarudishwa wiki ijayo hawezi kuiona ni yake. Seti ya LEGO Spike Prime, ile ya kujengea roboti, imekuwa ikiuzwa kama dola 400 kabla hujaongeza kuisafirisha na ushuru. Mimi niko Luthuli, mtaa wa maduka ya vifaa vya elektroniki hapa Nairobi, kila siku naona walimu wakihesabu pesa, Arduino ya kopi, ile kadi ya kuongoza roboti, zile mota za njano mbili, sensa ya kupima umbali, betri zilizotolewa kwa laptopu iliyokufa, roboti inatembea na gharama haijagusa hata nusu ya hiyo. Fungueni daraja la roboti za kujitengenezea ziwe na kombe lake sawa sawa na lile lingine, sio kakombe ka kufariji kanapeanwa wakati watu washaanza kubeba viti. Hata meza usiagize, plaiwudi ya kawaida ya futi 8 kwa 4 ndio kipimo chenyewe, fundi wa mtaani anamaliza kwa asubuhi moja.

---

MamaBukavu:

Habari zenu bote. Mimi ni wa Bukavu lakini niko Marekani, najitolea kwenye timu ya batoto wa wakimbizi, Wakongo, Warundi, na Wasomali wachache, Kiswahili ndiyo kinatuunganisha. Niwaambie ndugu zangu, hata huku penye hela haya mambo yako. Mwaka 2023 fainali ya dunia ya FIRST, hao wenye FIRST LEGO League, kule Houston ilikuwa tarehe 19 mpaka 22 Aprili, na Iddi huku ikaanguka tarehe 21, katikati kabisa, na siku za mbele yake Ramadhani ilikuwa bado inaendelea. Fikiria mtoto amefunga, amesimama kutwa kwenye ukumbi wenye muziki wa kupasua masikio, halafu sikukuu yake anaikuta akiwa kwenye foleni ya kukaguliwa roboti. FIRST hao hao wana kanuni zao sita za msingi na moja inasema kumjumuisha kila mtu, ninawapenda, lakini kalenda haisomi kanuni.

Jambo ambalo kwetu lilisaidia ni dogo sana. Kila anayejitolea alivaa baji imeandikwa lugha anazosema. Mtoto akiona "Kiswahili, Kirundi" kifuani kwa mtu anakuja mwenyewe kuuliza choo kiko wapi, chaja iko wapi, na akishauliza hilo atauliza na la roboti. Na mtangazaji apewe majina mapema, akae na kila timu dakika moja ajifunze kuyatamka. Batoto wetu walikuwa wanaitwa kwenye maiki jina limevunjwa, ukumbi unacheka, siku nzima imeharibika. Huko kwenu najua majina si shida sana lakini jina la shule ya kijijini nalo likitamkwa kwa dharau watoto wanasikia.

Kaka Injinia anasema timu itakwenda nje. Nje kwenyewe mlango si wetu. Mashindano ya kwanza ya FIRST Global, yale ya roboti ya timu za nchi mbalimbali, Washington 2017, wasichana wa Afghanistan walinyimwa viza mara mbili mpaka rais wa Marekani akaingilia, timu ya Gambia nayo ilinyimwa kwanza. Na mwaka huo huo watoto sita wa Burundi walitoweka baada ya mashindano, wawili wakaonekana wamevuka kuingia Kanada. Sisi Warundi na Wakongo tulipolisikia lile tulijua moja kwa moja linahusu nini, magazeti yalichukua siku kuelewa. Nalitaja kwa sababu shindano lililojengwa lote juu ya ndoto ya safari linamwacha mtoto asiyesafiri mikono mitupu. Mwalimu, shindano lenu la kanda liwe na maana lenyewe. Watoto watembelee kiwanda, wakutane na mafundi, warudi na kitu cha shule.

---

Mwl_Alama:

Niongeze kwa ufupi, nafundisha wanafunzi viziwi. Tuliwahi kualikwa shindano moja, hakuna mkalimani wa lugha ya alama, mechi zinaanza kwa honi, watoto wangu wanachelewa kubonyeza sababu wanasubiri kuona wengine wamebonyeza. Wekeni taa pamoja na honi, haigharimu kitu kwa watu wanaojenga roboti jamani. Na mkalimani aingie pia kwenye chumba cha majaji, muda wa timu uongezwe kidogo. Na pawe na chumba kimoja kisicho na spika, kuna watoto kelele zinawaumiza, si viziwi tu wenye mahitaji.

---

Injinia_Mkavu:

Brazil na Uturuki wana serikali na viwanda nyuma yao, wanafundisha kwa lugha yao hadi chuo kikuu, sisi form one tunabadilisha gia. Hapo bado sijashawishika. Lakini la yule binti na tairi nakubali jaji alikosea kazi yake, kazi ya jaji ni kutafuta kilichopo na si kungoja kiletwe mezani. Mimi ningependekeza timu ichague lugha wakati wa kujisajili, Kiswahili au Kiingereza au mchanganyiko, na majaji wawe wanaojua zote, lakini karatasi ya mradi iandikwe kwa Kiingereza hata ukurasa mmoja, wakisaidiwa na mwalimu wa somo. Kujiamini kubaki, iitwe kueleza kazi.

Na majaji wapewe semina. Siku hizi tunaitwa asubuhi, tunapewa chai na karatasi, tunaanza kuhukumu watoto.

---

BintiJambiani:

Hapo kwenye semina tumekutana Injinia. Ila huo ukurasa wa Kiingereza usihesabiwe maksi, la sivyo tumerudi kule kule kwa mlango wa nyuma.

---

Mwl_wa_Kusini:

Nawashukuru sana, nimekopi karibu yote. Swali la siku linaingia kwenye fomu, hilo la Jumamosi sikuwahi kulisikia kikaoni hata mara moja na nina uhakika kuna shule mbili tatu limezigusa. Lugha tutapeleka pendekezo la Injinia pamoja na sharti la BintiJambiani, tuone mwenyekiti atasemaje. Honi na taa naanza nayo mimi na watoto wangu, tuna rilei za zamani maabara, zile swichi zinazowashwa kwa umeme.

Na kuhusu mada, tunataka kutumia ule mkeka wa UNEARTHED, msimu wa FIRST LEGO League wa mambo ya kale, nikaona tuwaache watoto wachague mradi wa kwao, huku tuna Kilwa Kisiwani pua na mdomo, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981 na wengi wao hawajawahi kuvuka kwenda kuiona. Wale wa Tendaguru huku huku Lindi nao wana mifupa ya dinosaria iliyobebwa na Wajerumani, ipo Berlin mpaka leo. Tusipowaambia watafanya mradi wa piramidi za Misri nawajua.

Mwanagusii, fundi wangu anauliza kingo za meza ziwe na kimo gani, na hiyo plaiwudi unene gani maana ya nusu inchi anasema itapinda.

---

Mwanagusii_wa_Luthuli:

Aweke mbao ya 2 kwa 3 pembeni pande zote, isimame kwa upande wa 3, na meza zote ziwe sawa maana roboti nyingi zinajinyoosha kwa kujigonga ukutani, ukuta mmoja ukiwa mfupi timu italalamika na itakuwa na haki. Nusu inchi ni sawa ukiweka mihimili mitatu chini. Misumari ipigwe kutokea chini, na apige randa kabla hajatandika mkeka, kibanzi kimoja tu kikiinuka sensa ya rangi inasoma vibaya. Na mwambie asipake vanishi inayong'aa.